Ukoga Hauondoki kwa Kidonge



Ndugu wanafunzi, wapenzi wasomaji wa jarida letu. Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, mwaka huu sisi walimu tumeona tuandike juu ya jambo ambalo wengi wenu mtaliona dogo. Tunataka kuzungumza juu ya ukoga, yaani ule utando laini unaousikia kwa ulimi juu ya meno yako unapoamka asubuhi, kabla hujapiga mswaki.

Msicheke. Wanafunzi wetu wanaoinuka katikati ya darsa wakiwa wameshika shavu, machozi yakiwatoka, si wachache. Mwenye jino linalouma hahifadhi, hasikilizi na halali. Mzazi naye hutoa fedha ya dawa, kisha fedha ya nauli, na mwisho fedha ya kung'oa. Na jino la ukubwani likishang'olewa halirudi tena. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba maradhi ya kinywa yanawagusa takriban watu bilioni 3.5 duniani, na kwamba kuoza kwa meno ndiko maradhi yaliyoenea kuliko yote. Basi hili si dogo.

Rai yetu tunaitanguliza hapa mwanzo. Jino haliozi kwa sababu ya mdudu mmoja. Huoza kwa sababu ya jamii nzima ya vijidudu iliyoachwa ikajijenga juu yake, kisha ikalishwa sukari mchana kutwa. Jamii hiyo haivunjwi kwa kidonge cha dukani. Huvunjwa kwa kusuguliwa kila siku na kwa kupunguziwa chakula chake. Na kazi hii inaweza kuanza hapa hapa madrasa.

Hakuna mdudu ndani ya jino

Wengi tumelelewa tukiambiwa kuwa jino limeingia mdudu, na watu wanamfikiria huyo mdudu kama funza anayetafuna mbao. Ukweli ni kwamba funza hayumo. Waliomo ni vijidudu vidogo mno, aghalabu bakteria, ambavyo jicho haliwezi kuviona bila ya hadubini.

Mtu wa kwanza kuandika habari zao alikuwa Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft huko Uholanzi. Hakuwa daktari wala hakusoma chuo kikuu, lakini alikuwa hodari wa kutengeneza lenzi kwa mkono wake. Mwaka 1683 alikwangua ukoga wa meno yake mwenyewe, akauchanganya na maji, akautazama, akaona viumbe vingi vidogo vikienda mbio huku na huku. Akawaandikia wataalamu wa Royal Society mjini London.

Aliona na jambo jingine ambalo tungependa mlikumbuke hadi mwisho wa makala haya. Alijaribu kusukutua kwa siki. Siki ikaviua vijidudu vilivyokuwa juu juu tu, na vile vilivyojificha ndani ya ukoga mzito vikabaki hai. Yaani zaidi ya miaka 300 iliyopita, mtu mwenye lenzi moja aliona kwamba ukoga unavilinda vilivyomo ndani yake.

Leo wataalamu wametambua zaidi ya aina 700 za bakteria katika vinywa vya wanadamu, ingawa mtu mmoja hawi nazo zote. Wala wote si maadui. Wengine hukaa mahali ambapo waovu wangetaka kukaa, wakawazuia. Walioko juu ya ulimi hutusaidia kubadilisha kitu fulani kilichomo katika mboga za majani kama mchicha, na mwili ukapata cha kulegezea mishipa ya damu. Ndiyo maana mtu akila dawa nyingi za kuua bakteria, wale wema nao hufa, na mara nyengine kinywa huota utando mweupe wa fangasi ambao hapo kabla ulikuwa umezuiliwa. Hivyo hatuombi kinywa kisicho na kijidudu hata kimoja. Tunaomba kinywa ambacho jamii yake imekaa kwa mizani.

Namna mji unavyojengwa

Ukoga hauji kwa siku moja wala hauji ovyo. Una utaratibu, na anayeujua utaratibu huo anajua pa kuuvunjia.

Ukimaliza kusafisha meno, baada ya dakika chache tu mate hupaka juu ya jino ngozi nyembamba isiyoonekana. Ngozi hiyo si uchafu, ni kinga ya jino. Lakini pia ndiyo kiwanja. Baada ya saa chache huja bakteria wa mwanzo, wengi wao wa ukoo uitwao streptokokasi, wakajishika juu ya kiwanja hicho. Hao ni kama watu wa mwanzo waliofika pwani wakafyeka pori na kujenga vibanda.

Wakishatulia, huja wengine ambao wasingeweza kulishika jino wao wenyewe, lakini wanaweza kuwashika wale waliotangulia. Miongoni mwao yupo mmoja mrefu, mwembamba kama sindano ya kushonea makuti, aitwaye Fusobakteria. Huyu huwashika wa mwanzo kwa upande mmoja na wa mwisho kwa upande wa pili, akawa daraja. Kwa daraja hilo huingia wale wasiopenda hewa, na kwa kuwa wa juu wameshaitumia hewa yote, wa chini hupata mahali wanapopataka. Taka ya mmoja huwa chakula cha mwenzake.

Kisha hujijengea ukuta. Hutoa ute unaonata, wakajizungushia, na ndani ya ute huo huacha vijia vya kupitisha maji na chakula. Zaidi ya hayo, hupelekeana habari. Kila bakteria hutoa kemikali kidogo kidogo, na kemikali hizo zikizidi, wote hujua kwamba sasa wamekuwa wengi, wakabadilisha mwenendo wao kwa pamoja. Sisi wanadamu tunasema umoja ni nguvu. Hawa wanaufanyia kazi.

Mji huo ukiachwa bila ya kuguswa, madini ya mate huanza kuugandisha ukawa mgumu kama chokaa. Huo ndio ugaga. Ukishafika hapo mswaki hauwezi tena, mpaka mtaalamu aukwangue kwa chuma. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walisema kweli.

Kwa nini kidonge kinashindwa

Sasa mtafahamu kwa nini tunalalamikia tabia iliyoenea mitaani. Mtoto akilia jino, mzazi hutuma mtu dukani akanunue vidonge vya rangi mbili, viwili au vitatu, bila ya daktari wala kipimo. Wako hata wanaokifungua kidonge na kuumimina unga wake ndani ya tundu la jino. Maumivu yakipoa siku mbili, husema dawa imefanya kazi.

Kweli yako mambo ambayo dawa hizo zinafaa. Usaha ukishaenea shavuni au shingoni, na homa ikapanda, daktari huandika dawa, na hiyo ni khatari inayoweza hata kuua, isicheleweshwe hata siku moja. Lakini dawa haiwezi kuuondoa mji uliojengwa juu ya jino. Ute unaizuia isipenye. Walioko chini wamelala, hawali sana wala hawakui sana, na nyingi ya dawa hizi huwaua wale wanaokua. Bakteria walio ndani ya utando kama huu wanaweza kustahimili dawa mara nyingi zaidi kuliko wenzao wanaoelea peke yao, na mara nyengine hadi mara 1,000. Kipimo pungufu cha vidonge viwili huwafundisha tu namna ya kuishi na dawa hiyo, na siku mtoto atakapoihitaji kwa maradhi makubwa huenda isimsaidie.

Ile siki ya mwaka 1683 ilitueleza jambo hili, na sisi mpaka leo tunauliza bei ya kidonge.

Kinachofaa ni kuusambaratisha. Mwaka 1965, Harald Löe na wenzake kule Aarhus, Denmark, walichapisha jaribio ambalo mwanafunzi yeyote anaweza kulifahamu. Watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wakiwa wanafunzi, waliacha kabisa kusafisha meno. Baina ya siku 10 na 21, wote 12 walikuwa na fizi zilizovimba. Kisha wakarudi kusafisha, na fizi zikapoa baada ya siku chache. Hawakupewa kidonge. Kilichoondolewa ni ukoga tu.

Pipi ya kila saa

Ukoga peke yake hauozeshi jino kwa kasi. Unahitaji sukari. Ukiweka pipi mdomoni, bakteria kama Streptokokasi mutansi huila sukari hiyo na kutoa tindikali. Hiyo hiyo sukari huitumia pia kutengenezea ule ute unaonata, yaani unawapa chakula na saruji kwa wakati mmoja.

Wataalamu hupima ukali wa tindikali kwa kipimo kiitwacho pH. Maji safi ni 7, na kadiri nambari inavyoshuka ndivyo ukali unavyozidi. Ndani ya dakika chache baada ya kula kitu kitamu, pH ya ukoga hushuka, na ikipita chini ya takriban 5.5 madini ya jino huanza kuyeyuka. Kisha mate huja kuokoa. Huisafisha ile tindikali na kurudisha madini, na kazi hiyo huchukua baina ya nusu saa na saa nzima. Kwa hivyo kila siku jino huvunjwa na kujengwa, na la muhimu ni upande gani unashinda.

Hebu tupige hesabu. Mtoto wa kwanza amekula pipi sita pamoja baada ya chakula cha mchana. Mtoto wa pili amekula pipi sita hizo hizo, lakini moja kila saa. Sukari ni ile ile. Wa kwanza ameshambuliwa mara moja, kisha mate yakapata nafasi. Wa pili ameshambuliwa mara sita, na mate yake hayakupata pumzi mchana kutwa. Mbaya zaidi, kwa kila shambulio wale bakteria wanaostahimili tindikali wanazidi, na wale wema wasioistahimili wanapungua. Mji unabadilika wakaazi. Philip Marsh wa Uingereza alilieleza hili mwaka 1994: maradhi hayaji kwa kuingia adui mgeni, huja pale hali ya kinywa inapobadilika hata waliokuwa wachache wakatawala.

Wako watakaosema: wazee wetu hawakuijua dawa ya meno ya dukani, na walikuwa na meno hata uzeeni. Jawabu ni kwamba mzee huyo alipokuwa mdogo halua aliila harusini na sikukuu. Mjukuu wake ana pipi ya kijiti asubuhi, ubuyu wa sukari saa nne, barafu ya mfuko mchana, soda jioni. Meno hayakubadilika. Kilichobadilika ni ratiba ya sukari.

Gego la miaka sita

Wako pia wanaosema kuwa meno ya mtoto ni ya utotoni, yatang'oka, hayana haja ya kushughulikiwa. Hapa tunawaomba wazazi watakaosomewa makala haya wasikilize kwa makini.

Mtoto akifika takriban miaka sita, huota magego manne ya ukubwani, mawili juu na mawili chini. Hayaoti mahali pa jino lililong'oka. Huota nyuma kabisa, kimya kimya, bila ya jino lolote kutoka. Mzazi hudhani nayo ni ya utotoni. Magego haya yana mifereji mirefu juu yake, na ukoga hupenda kukaa humo. Wengi hupoteza magego haya kabla ya kubaleghe, na hapo ndipo hugundua kuwa hayana badali.

Na hata jino la utotoni likioza likafanya usaha, usaha huo unaweza kuliharibu jino la ukubwani lililo chini yake. Likitoka kabla ya wakati, wenzake husogea wakaziba nafasi, na linalokuja huota kombo.

Mswaki si pambo la mfukoni

Tunamshukuru Mungu kwamba sisi hatuanzi na mikono mitupu. Mtume (S.A.W.) aliuhimiza mno mswaki, na hakuna mwanafunzi wetu asiyejua fadhila zake. Shirika la Afya Duniani nalo liliwahi kuhimiza matumizi ya vijiti vya mswaki, mwaka 1986, pale vinapopatikana. Lakini tunachokiona ni hiki: kijiti kiko mfuko wa juu wa kanzu, kinatolewa kabla ya sala, kinapitishwa mara tatu kwenye meno ya mbele, kinarudishwa mfukoni. Magego hayakuguswa. Nyuma ya meno hakukuguswa. Sunna imetimizwa kwa meno sita, na mji umebaki pale pale ulipokuwa.

Basi tuutumie kwa ukamilifu wake. Tafuna ncha hadi iwe nyuzi laini. Kijiti kikiwa kikavu, kiroweke kwanza, kisije kikachuna ufizi. Anzia pale jino linapokutana na ufizi, kwa sababu hapo ndipo ukoga unapojikusanya, kisha pita nje, ndani na juu ya kila gego. Ncha ikichakaa, ikate. Wala usimwazime mwenzako.

Na mswaki wa dukani wenye dawa ya meno haupingani na huu wa mti. Dawa yenye floridi hulisaidia jino kurudisha madini yaliyoyeyuka. Tumia yote mawili: wa mti kwa sala zako za mchana, na wa dukani wenye dawa asubuhi na kabla ya kulala. Wa usiku usiuache, kwani mtu akilala mate hupungua na bakteria hubaki bila ya mlinzi. Ukimaliza tema, usisukutue kwa maji mengi, ili floridi ibaki kidogo juu ya meno.

Mwezi wa Ramadhani unataka uangalifu zaidi. Kwa madhehebu yetu ya Shafi ni makuruhu kwa mwenye saumu kupiga mswaki baada ya jua kupinduka, na baadhi yenu mmeichukua hukumu hiyo kuwa ni ruhusa ya mwezi mzima bila ya mswaki. Siyo. Muda wa baada ya daku kabla ya alfajiri ni wako, na usiku wote ni wako. Mtu aliyefuturu kwa tende, kaimati na tambi za sukari, akasali tarawehe kisha akalala hivyo hivyo, amewaandalia bakteria karamu ya usiku kucha.

Tunalopendekeza

Kwanza, madrasa itenge dakika tano kabla ya sala ya alasiri, kila darasa lipige mswaki kwa pamoja mbele ya mwalimu, na mwalimu awe wa mwanzo. Watoto hufuata wanayoyaona kuliko wanayoambiwa.

Pili, tusiwafukuze akina mama wanaouza nje ya geti letu. Wengi wao wanalea mayatima kwa biashara hiyo, na kumkatia mtu riziki kwa jina la afya si uadilifu. Tuzungumze nao. Wakati wa mapumziko wauze karanga, vipande vya nazi, mahindi ya kuchoma na mayai ya kuchemsha, na walimu tuwe wateja wao wa kwanza. Pipi na ubuyu vibaki kuwa vitu vya kwenda navyo nyumbani, vikaliwe pamoja na chakula.

Tatu, tuache kutoa pipi kama zawadi kwa mtoto aliyehifadhi vizuri. Kalamu ni zawadi, daftari ni zawadi, na kijiti kizuri cha mswaki ni zawadi iliyo bora zaidi.

Nne, jino likianza kusikia baridi au utamu, mzazi ampeleke mtoto kwa daktari wa meno wakati tundu bado dogo. Jino linalozibwa mapema hubaki. Linalosubiriwa hadi lizuie usingizi, aghalabu hung'olewa.

Ndugu wanafunzi, vijidudu hivyo havina akili kama yenu, wala havina macho wala masikio. Lakini vinashika kazi kila siku bila ya kuchoka, kila kimoja mahali pake, na vikivunjwa leo vinaanza upya leo hii hii. Tukitaka kuvishinda, nasi tuushike mswaki kila siku, tena kwa pamoja.

Wabillahi tawfiq.